Miaka 3 chini ya mhandisi mtaalamu sawa, lakini asiyetaka kusaini anabanwa na nani?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, ukimaliza digrii unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi chini ya mhandisi mtaalamu kwa muda usiopungua miaka 3 ndipo uombe kupandishwa. Sipingi hata kidogo. Machi 2013 ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar, wakafa watu 36. Novemba 2024 tukafukua tena watu kwenye kifusi Kariakoo. Wanaotaka masharti yalegezwe mimi siko nao.

Hasira yangu ni kwamba hiyo miaka 3 yote iko mfukoni mwa mtu mmoja, yaani msimamizi anayesaini daftari lako la mafunzo, na mtu huyo haulizwi na yeyote.

Kwa mkandarasi ninayemfanyia kazi, mimi ndiye ninayeamka alfajiri siku ya kumwaga zege. Mimi ndiye ninayekagua nondo kabla ya kufunga mbao, ninayepima slampu (ulaini wa zege) lori likifika, ninayesimamia vyubu, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, vijazwe na kuwekwa tarehe vipelekwe maabara. Lori lenye zege la maji nalirudisha mimi, na matusi ya dereva nayabeba mimi. Mhandisi wetu mwenye muhuri anapita mara mojamoja. Akija, hati ya malipo anaisaini palepale juu ya boneti ya gari, hata kiti haombi. Nikitoa daftari langu la mafunzo, lenye kumbukumbu za kazi nilizofanya, alisaini: "Dogo, hilo lilete ofisini." Ofisini naambiwa yuko safari. Akirudi naambiwa tusubiri mradi uishe. Kurasa za robo mwaka nzima ziko tupu mahali pa sahihi yake, na bila sahihi hiyo kazi yote niliyofanya haihesabiki.

Na sababu inajulikana, tusifichane. Mhitimu analipwa kidogo na anafanya kila kitu. Akishakuwa mtaalamu ataomba mshahara wa mtaalamu au ataondoka. Kwa nini wamharakishe? Kuna mwenzangu aliambiwa waziwazi "achangamke kidogo" ndipo asainiwe. Huo ni wizi wa miaka ya mtu!

Mtaniambia kuna SEAP, ule mpango wa mafunzo kwa vitendo ulioanza 2003. Ni mpango mzuri, na waliopata msimamizi mwenye moyo wamefika. Lakini hata humo bado unamtegemea huyohuyo msimamizi. Sisi tukifanya kazi ya mhandisi mtaalamu bila usajili, sheria inatukamata. Yeye akikalia daftari la kijana mwaka mzima, anakamatwa na nani?

Ninachotaka ni kidogo tu. Msimamizi apewe siku 30: asaini, au aandike sababu za kukataa ili nijue wapi nirekebishe. Akikaa kimya, mhitimu aruhusiwe kupeleka ushahidi wake moja kwa moja kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani picha za saiti, matokeo ya maabara na kumbukumbu za vikao, vikaguliwe na mhandisi mwingine. Na kampuni inayoomba zabuni kwa kutumia vyeti vya wahandisi wake iulizwe imepandisha wahitimu wangapi.

Waliokwama kama mimi, semeni hapa bila kutaja kampuni. Na nyie wahandisi wenye mihuri mliomo humu, jibuni: daftari la kijana wako mara ya mwisho umelisaini lini?