Tupeane uzoefu: chanjo na vipimo vya kinga toka kuzaliwa hadi uzeeni, na pale vinapoharibikia

Mwanzisha uzi

Wakuu, ratiba ya chanjo imebandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki, na vipimo vya watu wazima navyo si siri. Kinachopungua ni yale anayoyajua aliyeko mezani: kwa nini siku hii na si ile, sindano ichomwe wapi, kipimo kinadanganya lini, na jibu likija baya mtu aelekee wapi. Wachanjaji, wakunga, watu wa maabara na madaktari, mwageni mnachokijua kwa namba. Ratiba hutofautiana nchi na nchi. Ikigongana na ya kwenu, fuateni ya kwenu.

Naanza na saa 24 za kwanza. Chanjo ya homa ya ini B kwa mtoto mchanga kazi yake ni kuwahi virusi ambavyo huenda amevipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mtoto anayeambukizwa wakati huo ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na ugonjwa sugu. Mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo kusema "ataipata wiki ya sita" ni kuuacha mlango wazi katika siku ambazo adui yuko kizingitini. Ile iliyochanganywa kwenye chanjo ya tano kwa moja (sindano moja ya magonjwa matano) haifidii siku hizo.

Mchanjaji

Nashika hapo hapo kwa mchanga. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, ni mililita 0.05 kwa aliye chini ya mwaka mmoja, na inaingia ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake. Sindano inalazwa karibu sambamba na ngozi, tundu la ncha likitazama juu. Ukipatia, kinainuka kiuvimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipoinuka na dawa ikaingia kwa ulaini, umezama mno, na huko ndiko yanakotoka majipu na matezi ya kwapani.

Wiki kadhaa baadaye pale pale panatoka kipele, kinakuwa kidonda kidogo, kinakauka na kuacha kovu. Waambieni akina mama mapema, kwa sababu asiyeambiwa atakamua, atapaka dawa na kufunga plasta. Kiachwe wazi, kioshwe kwa maji. Na kovu lisipotokea, mtoto harudiwi chanjo.

Chanjo ya tano kwa moja, wiki ya 6, 10 na 14, ni mililita 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje sehemu ya kati, sindano ikisimama wima. Ya nimonia inakwenda paja la pili. Ikilazimu paja moja, ziachane sentimita 2.5. Takoni hapana: kuna mshipa mkubwa wa fahamu, na mafuta ya pale yanaweza kuizuia dawa isifike msulini. Ukishachomoa, bonyeza kwa pamba kavu. Usisugue.

Mama wawili

Samahani wataalamu, mtoto ana mafua na joto kidogo, 37.8. Achomwe au asubiri?

Mchanjaji

Achomwe dada. Mafua, kikohozi, kuhara kidogo, joto dogo, kutumia antibayotiki, hakuna hata kimoja kinachozuia. Njiti naye huchanjwa kwa umri wake tangu kuzaliwa, hahesabiwi upya. Anayesubirishwa ni mgonjwa mahututi wa kulazwa, na anayezuiliwa chanjo fulani ni yule aliyewahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya dozi ya chanjo hiyo hiyo. Chanjo zilizo hai (zenye kirusi hai kilichodhoofishwa), kama surua na homa ya manjano, zina masharti yake kwa mwenye kinga iliyoporomoka sana. Paracetamol mpe joto likija, si kabla ya sindano "kwa tahadhari". Na kaeni dakika 15 kabla ya kuondoka, maana mzio mkali kwa kawaida hujitokeza mapema.

Muuguzi wa wilaya

Niongeze kuhusu waliochelewa, maana hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Mtoto akikosa dozi miezi minane, haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, wiki 4 kati ya dozi na dozi. Mwili haujasahau dozi ya kwanza. Kosa la kinyume ndilo baya zaidi: kuzisogeza dozi karibu ili kufidia, ya pili inatolewa wiki mbili baada ya ya kwanza. Hiyo haihesabiki. Ya rota, kirusi cha kuhara, nayo haina maana kuianza baada ya miezi 24.

Chanjo mbili zilizo hai za sindano zitolewe siku moja, au ziachane wiki 4. Ukichoma surua leo na homa ya manjano baada ya siku kumi, ya kwanza inaweza kuizima ya pili.

Watu huuliza kwa nini surua isubiri miezi 9. Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama, na hizo zinaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kadiri miezi inavyosogea zinapungua, lakini hapo hapo hatari ya surua inapanda. Miezi 9 ni mahali mistari hiyo miwili inapokutana palipo na surua nyingi. Kwenye mlipuko hutolewa hata miezi 6, lakini hiyo huandikwa dozi sifuri, na mbili za kawaida ziko palepale. Dozi ya pili hailetwi "kuongeza nguvu" tu. Inamkamata yule ambaye ya kwanza haikumshika.

Mtunza jokofu

Kila mtu anaogopa joto, lakini mimi naogopa barafu. Chanjo zinakaa nyuzi 2 hadi 8. Zenye chumvi ya alumini, yaani tano kwa moja, nimonia, homa ya ini B, HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi) na pepopunda, zikiganda zimekufa, na kwa macho zinaweza kuonekana nzima. Sababu: chembe za alumini hushikana mabonge na hazirudi kama zilivyokuwa.

Ukishuku, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa cha aina hiyo hiyo, toleo hilo hilo, kigandishe mpaka kiwe jiwe, kisha kiyeyuke chenyewe. Hicho ni shahidi wako, kiandike alama kisije kikachomwa kwa mtu. Vishike vyote viwili mkono mmoja, tikisa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani kwenye mwanga na usiviguse hadi dakika 30. Shahidi atajitenga: maji juu, unga mzito chini. Kichupa unachokishuku kikituama kwa kasi ile ile au zaidi, kitupe. Kikibaki na ukungu sawasawa huku mwenzake ameshatuama, ni kizima.

Joto lina alama yake: kile kiduara chenye mraba ndani kwenye lebo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, endelea. Ukifanana nalo au kulizidi weusi, kichupa kimekwisha hata kama tarehe haijafika.

BCG na surua zikishachanganywa na maji yake mwisho ni saa 6 au mwisho wa kikao, kipi kitangulie, kwa sababu hazina dawa ya kuzuia bakteria kuota. Na "maji yake" ni yale yaliyokuja nayo. Si ya kiwanda kingine, wala si maji ya sindano ya dirishani.

Mkunga

Tuhamie kwa wasichana na akina mama. Pepopunda kwa mwanamke asiye na kumbukumbu ya chanjo ni dozi 5: ya kwanza siku ya kukutana naye, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka au mimba inayofuata. Dozi moja peke yake haimkingi mama wala mtoto, na ya pili itolewe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua.

HPV inalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na kirusi. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja au mbili kwa umri huo. Wanaoishi na VVU wapate angalau mbili, ikiwezekana tatu. Aliyechanjwa bado anapimwa akikua, kwa sababu chanjo haishiki aina zote za kirusi.

Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi: kirusi cha HPV kinapimwa kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10 jibu likiwa safi. Kwa mwenye VVU ni kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Sampuli ya HPV mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti, na hili limewaokoa wengi wanaoona haya kupanda kitandani.

Pale penye siki tu: asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 inapakwa, inasubiriwa dakika nzima kwa saa, ndipo unatazama. Anayetazama baada ya sekunde 20 ataandika "safi" mbele ya doa ambalo halijajitokeza. Kwa aliyekoma hedhi kipimo hiki hakifai, maana eneo linalotakiwa kuonekana limeshaingia ndani ya mfereji. Huyo apewe cha HPV.

Daktari wa zamu

Presha. Mtu anaingia akihema, anaketi kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu kaikunja nne, mkono unaning'inia, na mpimaji anamuuliza habari za nyumbani mashine ikijaa upepo. Namba inayotoka hapo si presha yake. Kila kosa hapo linaisukuma namba juu.

Utaratibu: nusu saa kabla hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Mfuko wa upepo ndani ya mkanda uzunguke karibu asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unamzushia mtu presha. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha fuata wenye namba kubwa. Pima mara mbili, dakika moja katikati, chukua wastani. Mpaka ni 140/90 kliniki, 135/85 nyumbani, na mtu haandikiwi ugonjwa kwa siku moja isipokuwa namba ziko juu mno au ana dalili.

Maabara

Sukari: kufunga ni saa 8, maji yanaruhusiwa. 7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni njia panda ya kuelekea huko. Asiye na dalili lazima arudie siku nyingine. Kidole kikiwa na sukari ya tunda aliyoshika, kimashine kitapiga namba za kutisha, kwa hiyo anawe kwa maji na sabuni na akaushe vizuri. Damu ya mshipani nayo ikikaa kwenye kichupa cha kawaida, chembe zake zinaila sukari asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ya saa mbili asubuhi iliyopimwa saa saba mchana inaweza kumwita mgonjwa mzima. HbA1c (wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3) haihitaji kufunga, ila hupotosha kwa mwenye selimundu, aliyeongezwa damu karibuni, au mwenye upungufu wa damu.

Homa ya ini B kwa mtu mzima: HBsAg (alama ya kirusi chenyewe) pekee inasema kirusi kipo au hakipo leo, haisemi kama una kinga. Ongeza anti-HBs (kingamwili za kinga) na anti-HBc (alama ya kuwahi kuambukizwa). Dozi za chanjo ni siku ya kwanza, mwezi 1, miezi 6. Mhudumu wa afya apime anti-HBs mwezi 1 hadi 2 baada ya ya tatu; 10 mIU/mL na zaidi ni kinga.

Mdau wa takwimu

Hesabu moja kwa wanaopenda "kupima mwili mzima". Tuseme watu 1,000, kumi wana ugonjwa, kipimo kinapatia asilimia 90 kwa wagonjwa na asilimia 90 kwa wazima. Kitawakamata wagonjwa 9. Kitawatia hofu wazima 99. Kati ya 108 walioambiwa "umekutwa nao", tisa tu ndio kweli. Kipimo ni kile kile, ila ukikitumia kwa kundi ambalo ugonjwa ni wa kawaida zaidi, uwiano unageuka. Ndiyo maana umri umewekwa.

Daktari wa zamu

Na ndiyo maana hatua ya pili inatakiwa ijulikane kabla ya ya kwanza. Kwa saratani ya utumbo mpana, mwongozo wa Marekani wa 2021 unaanza miaka 45 hadi 75: damu iliyojificha kwenye kinyesi kila mwaka, au kamera ya kuingizwa utumboni kila miaka 10 ikiwa safi. Kipimo cha kinyesi kikikuta damu, kinachofuata ni kamera. Kurudia kinyesi mpaka kitoke "safi" ni kosa kubwa, kwa sababu uvimbe hauvuji damu kila siku.

PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ni miaka 55 hadi 69 kwa makubaliano baada ya kuelezwa faida na madhara. Isipimwe ukiwa na maambukizi ya mkojo, wala ndani ya siku 2 baada ya kumwaga mbegu au kuendesha baiskeli sana. Picha ya matiti ni kila miaka 2. Siku hiyo usipake poda wala dawa ya kwapa, chembe zake huonekana kama chokaa ya uvimbe. Mkanda wa jeshi, ile chanjo isiyo hai, kuanzia 50, dozi mbili zikiachana miezi 2 hadi 6. Mafua kila mwaka, kwa sababu virusi vyenyewe vinabadilika.

Mama wawili

Na aliyepoteza kadi kabisa, mtu mzima?

Muuguzi wa wilaya

Ahesabiwe hajachanjwa, aanze. Kurudia surua, polio au homa ya ini B kwa aliyekwisha kupata hakuna dhara. Pepopunda ndiyo ya kuangalia, dozi nyingi zilizokaribiana huvimbisha mkono vibaya, kwa hiyo muulize kwanza kama alichomwa kwa jeraha au ujauzito miaka ya karibuni. Homa ya manjano ni moja kwa maisha, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kadi mpya ikishaandikwa, ipige picha pande zote mbili palepale mezani, namba ya toleo isomeke.