Kuchi walionusurika taifodi ya kuku: niwaatamishe?

Mfugaji wa Pongwe
Habari zenu wana jamvi. Niko Pongwe, Tanga. Taifodi imenifagilia banda. Kuku wa mayai wale wa kahawia wamekufa karibu wote: wanajikunyata, wanaharisha kijani-njano, asubuhi unaokota mizoga. Daktari alipasua mmoja mbele yangu, ini limevimba na lina rangi ya shaba, bandama kubwa. Maabara ikathibitisha. Lakini Kuchi wangu, wale kuku wa asili, banda hilohilo, maji hayohayo, wanadunda tu. Kinga hii ni ya ukoo? Nikiwaatamisha, vifaranga watairithi?

Bwana Mifugo, Muheza
Pole sana ndugu yangu. Urithi una nafasi kubwa hapo. Kuna seli za kinga ambazo kifaranga anaanguliwa nazo, makrofaji, kazi yao kumeza vimelea. Shida ni kwamba Salmonella Gallinarum, bakteria wa taifodi hii, akimezwa hafi kirahisi. Anaishi humohumo ndani ya seli mpaka ini na bandama. Watafiti wa Uingereza walilinganisha koo za kuku aina ya Leghorn weupe wakakuta eneo kwenye kromosomu ya 5, wakaliita SAL1. Makrofaji za ukoo sugu zinamuua upesi, za ukoo dhaifu anabaki hai ndani yake.

Kwa panya ni jeni nyingine, Nramp1, iliyopatikana Montreal mwaka 1993. Protini yake husukuma chuma na manganizi nje ya kifuko alimofungiwa bakteria, akakosa madini ya kuishi. Asidi amino moja tu ikibadilika, panya anazidiwa.

Ila nakusihi, usiatamishe kwanza! Kutougua si kusema mwili umesafika. Tetea anaweza kuwa mzima kabisa huku bakteria wako kwenye ovari, wakapita na yai hadi kwa kifaranga. Wapime.

Mama Kuku, Pangani
Shikamoo Bwana Mifugo. Kaka wa Pongwe, pole. Kagua na utitiri kwenye nyufa za fito, usiku na tochi. Unanyonya mgonjwa, unahamia kwa mzima na ugonjwa wake.

Mfugaji wa Pongwe
Ahsanteni sana. Mayai yaliyo chini ya tetea nayatoa leo. Kipimo ni mpaka maabara?

Bwana Mifugo, Muheza
Marahaba Mama Kuku. Hapana, ni hapohapo bandani: tone la damu ya ubawani na tone la dawa ya rangi kwenye kigae cheupe, unachanganya. Ndani ya dakika 2 ikifanya chembechembe, huyo mtoe. Waliobaki tunawarudia baada ya mwezi, maana aliyeambukizwa juzi anaweza asionekane.