Nimekwaruza bampa la gari lililopaki, mwenyewe hayupo

Wakuu, nikirudi rivasi nimekwaruza bampa la Premio. Mstari kama sm 10. Roho haitulii, nifanyeje?

— Usiondoke kimyakimya. Piga picha za karibu na za mbali, namba za magari yote mawili zionekane. Andika jina na simu, bana karatasi chini ya waipa. Mlinzi naye mwachie namba, karatasi hupeperuka.

— Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, ni klia tu (tabaka angavu la juu ya rangi) imekwaruzika: kompaundi (dawa ya kusugulia mikwaruzo) na polishi vinatosha. Ukinasa, bampa lote lipigwe rangi, maana kiraka cha rangi ya metali huonekana juani. Bampa ni plastiki, halishiki kutu.

— Bima ndogo (third party) hulipia gari lake, siyo lako. Ila watu wa bima watataka ripoti ya trafiki, kwa hiyo kwa mkwaruzo huu heri mmalizane gereji. Mkilipana, andikishaneni.