Mrejesho: Kizunguzungu cha mama na vidonge vya kitunguu saumu

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu mama yangu hapa Moshi: kila akiinuka kitandani dunia inamzunguka, nikataka kujua kama nimwongezee unga wa mlonge, maana nilidhani damu imepungua. Aliyenijibu nimbebee daktari kila anachokunywa mama, Mungu akubariki.

Nilibeba mfuko mzima. Dawa za presha za hospitali, vidonge vya kitunguu saumu alivyouziwa stendi, na chupa ya rosela, kile kinywaji chekundu cha maua, aliyokuwa anakunywa asubuhi na jioni kama chai. Damu ilipimwa, haikupungua. Kisha daktari akampima presha amelala, akamsimamisha, akampima tena. Ya juu ilitoka 126 ikashuka hadi 98! Akasema ikishuka 20 tu mtu akisimama, tayari ni tatizo. Rosela inashusha presha, kitunguu saumu nacho kinaweza, na juu yake kuna dawa. Vyote vinavuta upande mmoja.

Iliniuma, kwa sababu rosela nilimnunulia mimi, Kiboriloni, kwa mapenzi kabisa.

Ameacha rosela na vile vidonge. Dawa za hospitali anaendelea nazo, daktari alikataza kabisa kuzigusa bila kumwuliza. Asubuhi anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo anasimama. Siku ya tisa leo hajayumba. Jana alishuka mwenyewe mgombani kukata majani ya ng'ombe. Tunarudi kupima mwisho wa mwezi.