Faili la mamangu lasema miguu ilikaguliwa mara 12. Miguu ya nani?

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Salamu ndefu leo sina, nina hasira.

Mamangu ana miaka 67, na sukari huu ni mwaka wa tisa. Miaka mitatu nyuma tulimhamishia kliniki ya sukari ya hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani Mombasa. Jina silitaji, pesa za wakili sina. Tulivutwa na sura: marumaru unajiona uso, kiyoyozi, televisheni ukutani. Kila miezi mitatu twaamka alfajiri, twavuka feri kutoka Likoni, twapanda tuktuk, twachukua namba. Mizani. Presha. Kidole kinadungwa. Kisha daktari, macho kwenye karatasi: "Mama, sukari iko juu. Punguza mahamri." Dawa zile zile. Dakika nne, nimewahi kuzihesabu kwa saa ya simu.

Mwezi wa nane tulikuwa na harusi, binti ya dadangu. Mama ndiye nyanyake bi harusi, hawezi kuachwa bila hina. Yule msichana wa hina akaushika mguu wa kulia, akaugeuza, akanyamaza. Halafu akauliza polepole, "Bi, hapa pana nini?"

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kama sarafu ya shilingi kumi. Kingo zake ngumu nyeupe, katikati cheusi, na harufu. Aliyeshangaa zaidi ni mama mwenyewe. Hajui alikanyaga nini wala lini, kwa sababu hakusikia maumivu hata kidogo. Alikuwa akitembea nacho na champali zake mpaka sokoni.

Siku 11 baadaye kidole kilikatwa.

Akiwa wodini, kijana mmoja wa uuguzi, bado yumo mafunzoni, alikuja na kijiuzi cha nailoni kilichochomekwa kwenye kijiti. Hicho kijiuzi ukikikandamiza hupinda kwa uzito wa gramu 10. Akamwambia mama afumbe macho, akawa anamgusa nyayo hapa na pale: "Nikikugusa sema ndiyo." Mguu wa kushoto mama alisema ndiyo mara mbili. Wa kulia hakusema kitu, amefumba macho, anangoja aguswe, na yule kijana ameshamgusa kila mahali. Mimi nikatoka nje nikalia. Kumbe sukari ikikaa juu miaka huua mishipa ya fahamu ya miguu, na ndiyo maana mwenye sukari anatakiwa akaguliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka hata kama halalamiki. Hasa kama halalamiki! Kipimo kizima hakikuchukua dakika tatu.

Sasa sikilizeni hili ndilo lililonileta hapa.

Niliomba nakala ya faili. Walinizungusha wiki mbili, leo mwenye funguo hayupo, kesho mashine imeharibika, mpaka nilipowatajia kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari, ndipo mashine ikapona. Ndani ya faili kila hudhurio lina karatasi yake, na kila karatasi ina kisanduku cha miguu. Nimekuta tiki 12. Mahudhurio 12, tiki 12, na mbele yake "sawa". Mamangu hajawahi kuambiwa avue kiatu mle ndani hata siku moja. Wallahi hata mara moja.

Na kuna tiki moja ya mwezi wa pili. Siku hiyo mama alikuwa na homa, hakuvuka. Nilikwenda mimi peke yangu kumchukulia dawa. Miguu ya mama ilikuwa Likoni chini ya shuka, na faili lasema imekaguliwa na iko sawa. Labda walikagua yangu kupitia chini ya meza.

Nilipouliza, muuguzi mmoja mtu mzima alinivuta pembeni akaninong'oneza: wakaguzi wakija huangalia kama visanduku vimejaa. Vikijaa, kliniki imefaulu. Kwa hiyo vinajazwa, vyote, mwisho wa siku, kwa kalamu moja. (Kweli ni kalamu moja. Ukitazama kwa makini wino ni ule ule kuanzia mgonjwa wa kwanza.)

Nimesoma sana tangu siku hiyo, usingizi sina. Kuna daktari mmoja, Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Michigan kule Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa matibabu utazamwe kwa mambo matatu: mazingira na vifaa, kinachofanyiwa mgonjwa, na mgonjwa anaishia vipi. Na mapema hiyo hiyo alishauliza, yaliyoandikwa kwenye faili yanaaminika kiasi gani? Miaka karibu 60. Sisi bado twapima marumaru na tiki. La kati, lile la kumwambia mama wa watu "hebu vua kiatu nikuone", halina anayelitazama, na la tatu limetupwa na taka za chumba cha upasuaji.

Najua mtakuja kuniambia madaktari wamechoka. Mwaka 2024 walipogoma siku 56 mimi niliwaunga mkono humu humu, na wengine mlinitukana. Aliyechoka akiandika "sikukagua", nitamwelewa. Hata akiacha wazi nitamwelewa, maana kisanduku kitupu kingemshtua anayefuata. Tiki ya uongo ndiyo iliyomwambia kila daktari aliyefuata kwamba mwenzake ameshatazama. Na mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, tafadhali msiniletee, hayo yana uzi wake, mimi nililipa taslimu.

Malalamiko yangu nimeshayaandika kwenda baraza la madaktari, KMPDC, na nakala za karatasi zote 12. Ninachotaka hapa ni wenzangu. Ambaye mzee wake anahudhuria kliniki ya sukari, popote Mombasa, amuulize leo: lini mara ya mwisho ulivuliwa viatu? Kisha akaombe faili alinganishe. Mkipata kama yangu, andikeni hapa, bila kutaja jina la hospitali.

Alhamisi twarudi kusafishwa kidonda, pale pale, kwa sababu hatuna kwingine karibu. Nimemwambia mama safari hii nitasema. Akanijibu, "Nyamaza mwanangu, mkasi wanao wao."