Re: Mchango wa maiti: na nani atatia saini?

Kutoka: Mwana wa Kuze (Leeds, kwa sasa niko Mombasa)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeufuata tangu ulipoanza mjadala huu wa mchango wa jumuiya yetu, wa kuwarudisha nyumbani wanaofia ughaibuni. Kila mtu auliza kiasi: pauni ngapi kwa mwezi, nani ashike hazina, ndege gani yakubali jeneza. Hakuna aliyeuliza nani anatia saini kwa niaba ya mgonjwa au marehemu. Kwa wengi wenu jibu liko wazi, ni mke, mume au mtoto mkubwa. Kwangu haliko wazi, na najua humu siko peke yangu, kwa hivyo nalisema: mimi ni shoga. Naishi na mwanamume mwenzangu na hatujafunga ndoa. Anayetaka kuniondoa kwenye orodha aniondoe, lakini asome kwanza hadi mwisho, maana haya yanamhusu hata mjane, hata aliyeachika, hata kijana asiye na ndugu England.

Lile jina unaloandika hospitalini kama ndugu wa karibu ni la mtu wa kupigiwa simu tu. Kisheria halimpi uwezo wa kukuamulia tiba. Mwenye uwezo huo ni yule uliyemwandikia hati ya uwakilishi ya kudumu upande wa afya, na hati ile ikasajiliwa ungali na akili zako timamu. Bila hati, daktari ndiye atakayeamua kwa maslahi yako. Watu wako wataulizwa maoni, basi.

Ukifa bila wosia, sheria ya England na Wales ina safu yake: mwenzi wa ndoa, watoto, wazazi, ndugu. Mliyekaa naye nyumba moja miaka ishirini bila ndoa hayumo. Anaweza kwenda mahakamani kudai fungu la mali, lakini maiti haingoji kesi. Ukiwa na wosia, msimamizi uliyemtaja ndiye mwenye kauli ya kwanza juu ya mwili wako.

Mimi nataka kuzikwa Mombasa, Kikowani, kwa sanda na sala. Mwenzangu anajua. Basi ichukulieni siku yenyewe: jumuiya imefika kwangu Leeds, imekuja na sufuria za pilau na nia njema, imkute mtu wa Yorkshire mlangoni macho mekundu. Mtamuuliza, wewe ni nani? Mpangaji? Ndivyo nyumbani wanavyomjua, mpangaji mwenzangu. Mama humsalimia kwa simu na kumpelekea achari ya embe na mabuyu. Nadhani mama anajua kuliko anavyosema, lakini hilo namwachia mwenyewe.

Mtauliza kwa nini hatuoani, na huko imeruhusiwa tangu Machi 2014. Ni mambo ya makaratasi. Rekodi ya ndoa England ni ya umma, mtu yeyote aweza kulipia nakala. Leeds cheti kile kingemwingiza mwenzangu kwenye ile safu ya urithi niliyoitaja hapo juu, ingawa kwa tiba bado ingetakiwa hati. Mombasa hakina kazi: Kifungu cha 45 cha katiba yetu chataja ndoa na mtu wa jinsia nyingine, na kifungu cha 162 cha sheria ya jinai bado kinasimama na miaka yake 14. Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019. Nani ananifuata na kifungu hicho kila siku? Hakuna. Lakini mtu mmoja mwenye nakala ya cheti na njaa ya pesa anatosha. Wanaokamua watu hivi mji wetu unawajua.

Kwa hivyo mwenzangu huja kama mtalii, na eTA yake, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, kama Mzungu mwingine yeyote. Twachukua chumba cha vitanda viwili, na asubuhi twavuruga vyote viwili kabla ya mfagiaji kupita. Jioni naketi barazani, nanunua viazi karai, naulizwa siasa za Uingereza, na baada ya kikombe cha pili cha kahawa chungu naulizwa nitaoa lini. Nimeshachangia harusi za binamu wote, karo za watoto wao, na paa la nyumba ya ami. Asiyeoa ndiye benki ya ukoo.

Wako watakaosema uliberali huu nimeuokota Leeds. La. Nimeukuta hapa, na hauanzi na mashoga. Agosti 2010 tulipoipigia kura katiba, makanisa mengi yaliipinga kwa ajili ya mahakama za kadhi. Mimi na wenzangu tulizunguka Majengo na Kongowea tukiitetea: raia Mwislamu ana haki ya kadhi wake. Mwaka 2015 serikali ikayaweka MUHURI na Haki Africa kwenye orodha ya ugaidi na kufunga akaunti zao, mashirika yaliyokuwa yakiuliza vijana wetu wanaochukuliwa usiku wanapelekwa wapi. Mahakama Kuu hapa Mombasa haikuona ushahidi wowote wa kuyahusisha na ugaidi. Mlishangilia, nami nilishangilia. Machi 2018, mji huu huu, Mahakama ya Rufani ikasema polisi hawana haki ya kuwapeleka watu wakapekuliwe sehemu zao za siri kutafuta ushahidi wa ushoga. Ilikuwa kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Kwale. Siku hiyo wengi wenu mlinyamaza. Mimi naziona hukumu hizo mbili kuwa jambo moja: polisi wakiweza kumfanya mmoja watakavyo kwa kuwa jirani hampendi, basi na mwanao yumo.

Na hiyo 162 yenyewe ni ya mkoloni. Mwingereza alianza kuilegeza kwao 1967, miaka minne baada ya kutukabidhi bendera. Yeye ameitupa, sisi tumeifanya urithi wa mababu.

Ombi langu: kabla ya kukusanya hata pauni moja, tukubaliane kwamba jumuiya itamfuata yule aliyetajwa na marehemu mwenyewe kwa maandishi.

---

Kutoka: Mzee wa Doha

Mwanangu, n'meisoma barua yako yote. Sitakuvunjia heshima, nawe usinivunjie. Katika jambo hili dini yetu haina njia mbili, wala mimi si wa kuigeuza. Lakini nakuuliza la kidunia: ulikuwa na haja gani kulisema? Mji wetu wajua kusitiri. Udogoni mwetu walikuwako watu wa namna hiyo, kila mtu awajua, wakipamba maharusi, wakipika, wakiimba, na wakifa wakizikwa kama watu. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Leo mwaja na siasa za Wazungu, kisha vijana wapigwa mawe. Mtwapa 2010 mwaikumbuka. Lililolala liliamshwa na nani?

Habari ya saini ni kweli. Na huku Ghuba tuna shida yetu: mwajiri ndiye mwenye karatasi zote.

---

Kutoka: Dada wa Leicester

Samahani kwa kuchelewa, natoka zamu ya usiku.

Mimi muuguzi, sina maneno ya siasa. Nimeona wodini mgonjwa wa kwetu, hawezi kusema, na mwanamke aliyekaa naye miaka akisimama ukumbini. Talaka ya Kenya haikuandikishwa, nikaha ya msikitini haikusajiliwa huku, yote mawili kwa mwanamke huyo mmoja. Nikaha pekee, bila ndoa ya kiserikali, England haikufanyi mke kisheria. Dada zangu, wengi wenu mko hivyo na hamjui. Alitokea binamu kutoka mji mwingine, hakuwa ameonana na mgonjwa tangu sijui lini, akaongea kwa sauti, na wote wakamsikiliza yeye.

Basi fanyeni haya. Hati ya uwakilishi ni mbili, ya afya na ya mali, na kila moja huchukua wiki kadhaa kusajiliwa, kwa hivyo msingoje kuugua. Wosia unataka mashahidi wawili waliopo pamoja ukitia saini, na shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi, la sivyo fungu lake limekwenda. Na ukioa au kuolewa baada ya kuandika wosia, ule wa zamani umebatilika, andika mpya.

Mwana wa Kuze, swali: msimamizi wako utamweka mwenzako peke yake? Atafika uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na maiti ya Mwislamu, hajui hata kusalimia?

---

Kutoka: Muuza Kikoi (Manchester)

Kuna anayetoka Mombasa wiki hii mwenye nafasi ya kilo mbili tatu? Ni kashata na dawa ya mama. Samahanini kuingilia.

---

Kutoka: Mwana wa Kuze

Kilo tatu ninazo, niandikie pembeni. Dawa iwe na karatasi ya daktari.

Mzee, shikamoo. Nakushukuru kwa lugha uliyotumia, maana nilitegemea mbaya zaidi. Sitara ya mji wetu naijua, nimelelewa ndani yake na siidharau. Lakini mwenye kuitoa ni mwingine, na akikasirika aivuta. Wale uliowataja walisitirika walipokuwa na faida harusini. Walipogombana na mwenye nguvu, nani alisimama nao? Na Mtwapa hakuna shoga aliyeita kamera. Ulikuwa uvumi wa harusi ambayo haikuwako, watu wakahamasishwa, wakavamia hata kituo cha afya. Uvumi huota palepale pasiposemwa kitu.

Siasa za Wazungu nazo sizimezi zote. Nina marafiki mashoga Leeds wanaoniuliza mbona bado naswali, mbona nakwenda Mombasa kutumia pesa. Hao nao nawajibu. Agosti 2024 wahuni walipokuwa wakizingira misikiti England, nilikuwa nje ya msikiti wetu na wazee, na hakuna aliyeniuliza nalala na nani. Na mkumbuke zile barua za kazini ninazowaandikia humu, za ruhusa ya sala ya Ijumaa na za hijabu: zasimama juu ya Sheria ya Usawa ya 2010. Sheria hiyo hiyo inayoitaja dini ndiyo inayonitaja mimi. Hamwezi kuikata nusu mkabaki na yenu.

Dada, swali lako ni zuri, na nimelifikiria. Nimeweka wasimamizi wawili, mwenzangu na dada yangu wa tumbo moja. Mmoja atia saini Leeds: asajili kifo, alipe wa mazishi, ampelekee taarifa yule afisa wa uchunguzi wa vifo, maana bila taarifa hiyo maiti haitoki England. Mwingine apokee huku, aongee na msikiti na watu wa Kikowani. Dada yangu nilimwambia wiki hii, jikoni, akikanda mahamri. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama huyo mpangaji anajua kuvaa kikoi, kwa sababu siku hiyo atakaa barazani na wanaume na hataki watu wamcheke.

Sasa fomu ya mchango. Rasimu ya kamati ina nafasi ya "mke/mume" na nafasi ya "ndugu". Napendekeza zifutwe, ziwekwe mbili nyingine: "msimamizi wa wosia au aliyetajwa kwa maandishi", na "wa kupokea nyumbani". Kwa wa Doha iongezwe ya tatu, jina la mwajiri na namba ya ubalozi. Ambaye hajaandika wosia aandike hivyo hivyo, "sina", ili tujue tunachoingia. Anayepinga aseme kabla ya kikao cha Jumapili, fomu zachapishwa Jumatatu.