Miwani ya VR kumfundisha mtoto kuendesha wilchea ya umeme, kuna aliyejaribu?

MamaMdogo_Gungu
Habari zenu wakuu, nipo Kigoma naombeni ushauri. Mtoto wa dada angu ana miaka 14, ana mtindio wa ubongo, miguu haifanyi kazi, mkono wa kulia ndo unamtii kidogo. Mjomba wake kamletea wilchea ya umeme, imetumika ila nzima. Siku ya kwanza kagusa tu joistiki, kile kijiti cha kuendeshea, mkono ukakakamaa, kiti kikaondoka naye mpaka kwenye chanja ya dagaa ya bibi, dagaa zote chini, bibi anapiga kelele, mtoto anacheka lakini ukimwangalia anatetemeka, na toka hapo hataki hata kukikalia. Sasa nimeona video huko nje wanawafundisha kwa miwani ya VR, ukiivaa unaona kama upo barabarani kweli, unaendesha huku kiti kimesimama. Inasaidia au mbwembwe tu? Nisije nikauza kabati bure.

Fizio_Mzee
Pole dada. Inasaidia, ila sio yote. Kule mkono unajifunza kwamba ukisukuma huku kiti kinaenda huku, ukiachia kinasimama. Na huko kuachia ndo kazi kwa watoto wa hivyo, akishtuka ndo anazidi kuminya. Kwenye VR agonge ukuta hata mara hamsini haumii mtu. Ila miwani yenyewe mi siiafiki kwake, ile miwani ya VR inaitwa Quest 2 tu ni kama nusu kilo, shingo yake inabeba? Halafu macho yanaona anatembea wakati sikio la ndani linajua amekaa, hapo kichefuchefu hakikosi. Na kama anapata kifafa usimvishe kabla daktari hajasema. Chuo cha McGill kule Kanada wana programu yao unaendeshea kwenye skrini ya kompyuta, na joistiki. Mi ningeanzia kwenye skrini.

Mwanga_Sokoni
VR imfundishe lami ya Ulaya afu aje akutane na mchanga wa Ujiji 😂😂

Kidevu_Dereva
Cheka tu mkuu ila umesema kweli. Mi nilianguka kwenye mchikichi, shingo kushuka chini hamna kitu, naendesha kwa kidevu. Dada, kabla ya yote tafuta fundi anayejua hivyo viti akishushe spidi mpaka mwisho, nyingi zinasetiwa. Mi nilijifunzia uwanja wa shule jioni, wadogo zangu wanapanga madumu matupu ya mawese nayazunguka, nimeyagonga mpaka yamebonyea. Ningekuwa na hiyo skrini kwanza nadhani fremu ya mlango wetu ingepona. Ila mteremko hapana, ukiachia kiti kinasogea kidogo ndo kisimame, hiyo mpaka ukione mwenyewe na mtu yupo nyuma yako.

MamaMdogo_Gungu
Asanteni sana jamani. Nimemsomea, kauliza kwenye hiyo programu na chanja ya bibi ipo? Madumu hapa yapo tele, fundi namtafuta kesho. Joistiki ya gemu mjini hapa shingapi?